Kilemba cha Jemima

Ni kisanduku tu. Urefu wake haufiki sentimita 30, upana ni kama 20, na kina chake kinatosha kuingiza ngumi ya mtoto. Ndani amesimama mwanamke mweusi, mnene, kilemba kichwani, macho yamemtoka, midomo imepanuka kwa kicheko. Mkono mmoja ameshika ufagio. Mkono wa pili ameshika bunduki. Miguu yake imezama kwenye pamba, na ukuta wote wa nyuma umejaa uso mmoja uliorudiwa safu kwa safu: uso wa mwanamke mwingine mwenye kilemba, aliyetabasamu juu ya pakiti za unga katika majiko ya Marekani kwa zaidi ya miaka mia.

Msanii Betye Saar alikimaliza kisanduku hiki mwaka 1972 akakiita Ukombozi wa Shangazi Jemima. Leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kisanamu cha katikati hakukichonga yeye. Alikikuta kwenye mnada wa vitu vikuukuu, kimetoka kiwandani kwa matumizi ya jikoni: tumboni paliwekwa karatasi za kuandikia mahitaji ya sokoni, na pembeni penseli. Mama mwenye nyumba akikumbuka kwamba sukari imekwisha, anaandika juu ya tumbo la mwanamke mweusi. Pale palipokuwa na karatasi, Saar aliweka kadi ya posta ya zamani yenye yaya mweusi aliyembeba mtoto chotara anayelia. Mbele ya kadi akasimamisha ngumi nyeusi iliyoinuliwa, alama ya vijana wa wakati ule waliodai nguvu ya weusi.

Msomaji wa Kiswahili lazima kwanza ajihadhari na jina. Kwetu shangazi ni mtu mzito. Ni dada wa baba, na binti wa kaka yake haozwi bila yeye kusikilizwa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani neno hilo lilifanya kazi nyingine kabisa. Mzungu hakuwa tayari kumwita mwanamke mweusi “Bi” fulani, kwa kuwa heshima hiyo ilikuwa ya wake wa wazungu. Mwanamke huyo akiwa kijana aliitwa kwa jina lake la kwanza kama mtoto. Akizeeka aliitwa shangazi, hata na watoto wadogo wa bwana wake. Neno la ukoo lilitumika kuziba nafasi ya neno la heshima. Na kilemba kichwani mwake hakikuwa cha harusi wala cha sherehe. Kilikuwa sare ya jikoni. Kiswahili kina usemi wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kumsifu kwa sifa zisizo na kitu ndani, na sijaona mahali usemi huo ulipokaa sawasawa kama kichwani mwa Jemima.

Uso huo una tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1889, katika mji wa St. Joseph, Missouri, Chris Rutt na mwenzake Charles Underwood walikuwa na kinu cha unga na mzigo uliokosa wanunuzi. Wakabuni unga uliochanganywa tayari kwa kupikia chapati za maji nene wanazokula Wamarekani asubuhi. Bidhaa ilikuwapo, jina hakuna. Rutt akaenda kutazama mchezo wa jukwaani, wa aina iliyokuwa burudani kubwa ya nchi nzima kwa miongo mingi: waigizaji waliojipaka usoni masizi ya vizibo vya chupa vilivyochomwa, wakachora midomo mikubwa, wakaimba na kucheza ujinga waliodai ni wa mtu mweusi. Mmoja wa waanzilishi wa michezo hiyo, Thomas Rice, alijipatia umaarufu karibu na mwaka 1830 kwa mhusika aliyemwita Jim Crow, na jina hilo baadaye likawa jina la sheria za ubaguzi. Usiku ule Rutt alisikia wimbo wa Shangazi Jemima, akatoka na jina la unga wake.

Mwaka uliofuata kinu kiliuzwa kwa R. T. Davis, na Davis akaona kwamba jina linahitaji mwili. Akampata Nancy Green. Alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1834, na wakati huo alikuwa mtumishi wa nyumbani Chicago. Katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893, kampuni ilijenga kibanda chenye umbo la pipa kubwa la unga, na Green, mwanamke wa miaka 59, akasimama hapo amevaa kilemba, akapika na kusimulia hadithi za shamba la zamani. Kampuni ilichapisha hata kitabu cha maisha ya Jemima, eti alikuwa mpishi mwaminifu wa Kanali Higbee huko Louisiana. Shamba hilo halikuwapo, wala kanali, wala Jemima. Aliyekuwapo ni mwanamke aliyekuwa mtumwa kweli, akilipwa ili autamkie umati kwamba utumwa ulikuwa mtamu.

Mwaka huohuo, mji huohuo, alifika mchoraji mweusi kutoka Philadelphia kuzungumza mbele ya Kongamano la Afrika juu ya watu weusi wa Marekani katika sanaa. Ni Henry Ossawa Tanner. Mama yake alizaliwa utumwani akatoroshwa kupitia njia za siri. Baba yake alikuwa askofu wa kanisa la weusi la AME. Tanner alikuwa amekwenda Paris mwaka 1891, na ugonjwa ndio uliomrudisha nyumbani kwa muda. Mwaka huo wa 1893 akachora Somo la Banjo.

Banjo, ala ya nyuzi, ndiyo iliyokuwa chombo cha dhihaka kuliko vyote. Asili yake ni Afrika, ilivuka bahari pamoja na watumwa, na waigizaji wa masizi wakaifanya alama ya mtu mweusi mvivu asiyejua ila kucheka na kucheza. Tanner hakuikimbia. Alimchora mzee ameketi kitini, mjukuu amesimama katikati ya magoti yake, na banjo imewalalia wote wawili kwa kuwa mtoto hawezi kuubeba uzito wake peke yake. Mzee ameishikilia shingo ya banjo kwa mkono mmoja, mtoto anatafuta uzi kwa vidole. Hakuna anayetutazama. Hapo ndipo ninaposimama kila ninapoitazama picha hii: hakuna anayetutazama, hakuna anayecheka kwa ajili yetu, wamezama katika kazi yao. Mwanga unaingia kutoka pande mbili, mmoja wa baridi upande wa kushoto, mwingine wa moto wa jikoni upande wa kulia. Nyuma yao meza ina kitambaa cheupe, na sakafuni vyombo vya kupikia vimeachwa pale vilipotumika. Ni nyumba ya maskini wenye staha.

Picha hiyo iko Hampton, Virginia. Tanner mwenyewe alirudi Ufaransa mwaka 1894, akachora zaidi picha za Biblia, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1937. Wengi walimdai aendelee kuwachora watu wake. Sioni kwa nini alaumiwe. Aliondoka katika nchi ambayo pipa la unga la Chicago lilikuwa na watazamaji wengi kuliko yeye.

Jemima naye aliendelea kukua. Alitengenezewa wanasesere wa kitambaa, vyombo vya chumvi na pilipili, mitungi ya biskuti. Mwaka 1923 chama cha wanawake wa kizungu, mabinti wa ukoo wa wapiganaji wa jeshi la kusini lililotetea utumwa, kiliomba kipewe nafasi ya kujenga mnara Washington wa kuwakumbuka yaya weusi waaminifu. Seneti ilikubali. Seneti hiyohiyo, miezi michache kabla, ilikuwa imeuua muswada wa kukomesha mauaji ya weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Magazeti ya weusi yalichemka, vyama vya wanawake weusi vikapinga, na Baraza la Wawakilishi likauacha mpango huo ufe. Mwaka huohuo Nancy Green aligongwa na gari Chicago akafa. Akazikwa katika makaburi ya Oak Woods bila jiwe.

Uso wa kwenye pakiti haukuwaingia wazungu peke yao. Palmer Hayden, mzaliwa wa Virginia, alikuwa mchoraji aliyejilipia maisha New York kwa kazi za kufagia na kusafisha. Karibu na mwaka 1930 alimchora rafiki yake, msanii na mfagizi kama yeye, akiwa katika chumba cha chini ya jengo, brashi mkononi, mbele yake mama na mtoto wanaochorwa, ukutani ufagio na kifuta vumbi, kando pipa la taka. Ukiitazama sasa unamwona mtu mwenye kofia ya wachoraji wa Ufaransa, ametulia, ana heshima zake. Lakini chini ya rangi hiyo kuna rangi nyingine. Katika picha ya mwanzo, ambayo Hayden aliipaka upya baada ya mwaka 1940, nyuso zilikuwa zilezile za jukwaani: kichwa kipara, midomo iliyokuzwa, vicheko. Wachambuzi weusi wa wakati wake walikuwa wamemkemea vikali kwa kuchora watu wake hivyo. Picha sasa iko katika makumbusho ya taifa ya sanaa ya Marekani, Washington, na kwangu mimi ni ushahidi unaouma kuliko visanamu vyote vya jikoni. Mtu mweusi, akitaka kumchora rafiki yake mpenzi, mkono ulimchorea sura aliyokwisha kuchorewa na wengine. Ilibidi airudie.

Betye Saar alizaliwa Los Angeles mwaka 1926. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na katika likizo alikuwa akienda kwa bibi yake mtaa wa Watts. Huko alimwona mhamiaji wa Kiitalia, Simon Rodia, akijenga minara mirefu ya chuma na kuipamba kwa vipande vya sahani, chupa na makombe ya bahari. Mtoto yule alijifunza mapema kwamba kilichotupwa kinaweza kuinuliwa. Mwaka 1967 akatazama maonyesho ya visanduku vya msanii Joseph Cornell mjini Pasadena, akaona jinsi dunia nzima inavyoweza kukaa ndani ya sanduku la mbao. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King akauawa Memphis. Saar alikuwa mama wa mabinti watatu. Hasira yake aliipeleka mezani pake pa kazi. Akaanza kuzunguka minadani akitafuta zile takataka za dhihaka, lebo, kadi na visanamu. Alivinunua vitu ambavyo mtu mwingine wa rangi yake angevipasua.

Mwaka 1972 kituo cha utamaduni kiitwacho Rainbow Sign, huko Berkeley, karibu na ngome za chama cha wanaharakati weusi cha Black Panthers, kiliwaita wasanii walete kazi kuhusu mashujaa weusi. Wengi walitegemewa kuleta wanaume. Saar alimleta Jemima.

Hakuwa wa kwanza kumpa silaha. Mchoraji Joe Overstreet alikuwa amekwisha kumchora na bunduki ya rashasha mwaka 1964. Lakini kazi ya Overstreet ni kubwa kama kabati, inakupigia kelele ukiwa mlangoni. Ya Saar inakulazimisha uiname. Unakaribia kama mtu anayechungulia kabati la vyombo, unakutana na tabasamu unalolijua, halafu unaiona bunduki, halafu pamba, halafu ngumi. Na ufagio haukuondolewa. Naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko bunduki yenyewe, kwa sababu wanawake waliofagia nyumba za watu na kulea watoto wa watu hawakuambiwa na kisanduku hiki kwamba kazi yao ilikuwa aibu. Miaka mingi baadaye mwanaharakati mweusi Angela Davis alisema kwamba harakati za wanawake weusi zilianza na kazi ile.

Wengine wakaja kwa njia zao. Faith Ringgold, mwaka 1983, alishona kwa vitambaa na maneno hadithi ya Jemima mwenye mume, watoto na biashara yake mwenyewe ya chakula. Mchoraji Robert Colescott alichukua picha maarufu ya George Washington akivuka mto Delaware, ambayo kila mtoto wa shule Marekani anaijua, akampandisha mashuani mwanasayansi mweusi George Washington Carver, na mabaharia wake wote wakawa wahusika wa masizi: mpishi mwenye kilemba, mpiga banjo, mlevi. Hiyo ilikuwa mwaka 1975. Alikuwa akiuliza kama mtoto mweusi anayesoma historia ya Marekani amewahi kuona uso wake popote isipokuwa hapo. Mwaka 1997 Colescott akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuiwakilisha nchi yake kwa maonyesho ya peke yake katika tamasha la sanaa la Venice.

Na mwaka huohuo ukazuka ugomvi.

Kara Walker alizaliwa California mwaka 1969, akahamia na wazazi Georgia, karibu na Stone Mountain, mlima ambako kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan lilifufuliwa mwaka 1915. Mwaka 1994, New York, alibandika ukutani picha za vivuli: watu waliokatwa kwa mkasi katika karatasi nyeusi tititi, ukubwa wa binadamu, bila macho wala rangi. Sanaa ya kukata vivuli ilikuwa ya kistaarabu. Mabibi wa karne ya 18 na 19 walikatiwa nyuso zao wakazitundika sebuleni. Mmoja wa mafundi hodari wa kazi hiyo alikuwa Moses Williams, aliyezaliwa mtumwa, akakulia Philadelphia katika nyumba ya mchoraji Charles Willson Peale, na aliyekata nyuso za maelfu ya wageni wa makumbusho ya Peale. Walker alichukua sanaa ya sebuleni akaitia yaliyokuwa yakitendeka nyuma ya sebule: mabwana na vijakazi, ubakaji, mapigo, watoto wanaozaliwa na kutupwa. Nywele, midomo na makalio ya vivuli vyake ni yale ya jukwaa la masizi. Hakuna aliye safi, mweupe wala mweusi. Mwaka 1997, akiwa na miaka 27, alipewa tuzo ya MacArthur.

Saar aliandika barua zaidi ya 200, akazituma kwa wasanii, waandishi na viongozi pamoja na nakala za picha za Walker, akiwaonya kwamba binti huyu anawauzia wazungu dhihaka ileile ya zamani. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Harvard kikaitisha mkutano juu ya picha za kibaguzi. Mwaka 1999 makumbusho ya sanaa ya Detroit yaliiondoa kazi moja ya Walker kwenye maonyesho baada ya malalamiko.

Namwelewa Saar kabisa. Alikua wakati kisanamu kile kilipokuwa jikoni, si mnadani. Alipokitumia alikipa silaha, alikionyesha pa kutokea, na sasa anamwona msichana anayevitoa vivuli vilevile bila kuvipa chochote. Hata hivyo naamini alikosea kutaka picha zile zizuiwe. Walker alikuwa akisema lile alilolijua Hayden aliporudi kwenye picha yake na brashi: kwamba sura ile imo ndani yetu, inaota nasi usiku, na bunduki haiifikii huko. Inauma kuiona. Ilitakiwa iume. Walichogombania hawa wawili ni kitu ambacho mama na binti wanaweza kukigombania, na hakuna aliyekuwa akikichezea.

Mwaka 2014 Walker aliingia katika kiwanda kikuukuu cha sukari cha Domino, Brooklyn, kilichokuwa kinasubiri kubomolewa. Humo akajenga kwa makumi ya tani za sukari nyeupe sanamu ya kulala kama ile ya mji wa Giza huko Misri, mwili wa simba, urefu wa mita 23, kimo cha zaidi ya mita 10. Uso ulikuwa wa mwanamke mweusi. Kichwani, kilemba cha jikoni kimefungwa fundo mbele. Kumzunguka walisimama watoto waliotengenezwa kwa pipi na molasi, wamebeba vikapu. Joto la kiangazi lilipopanda walianza kuyeyuka, mikono ikadondoka, na sakafu ikawa madimbwi meusi yenye harufu ya utamu uliochacha. Zaidi ya watu laki moja walipita. Wako waliolia. Wako waliopiga picha za kuchekea uchi wa mwanamke yule. Kisha akabomolewa, kama ilivyopangwa.

Mchoraji Kerry James Marshall hakuchagua njia ya Saar wala ya Walker. Mwaka 1980, akiwa na miaka 25, alichora kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai picha isiyozidi kiganja kilichokunjuliwa: mtu mweusi kwenye giza jeusi, kofia nyeusi, na kinachoonekana ni macho, shati jeupe, na meno yenye pengo. Alikuwa amesoma riwaya ya Ralph Ellison juu ya mtu asiyeonekana. Tabasamu ni lile la jukwaani, lakini tangu hapo Marshall hakuchora tena watu wa kahawia wala wa maji ya kunde. Watu wake wote ni weusi tii, na amejifunza kuutofautisha weusi kwa weusi mpaka shavu linang’aa. Wako kwa kinyozi, wako bustanini, wanapendana. Mwaka 2018 picha yake ya familia kandokando ya ziwa iliuzwa mnadani kwa dola milioni 21.1.

Mwezi Mei 2020 George Floyd aliuawa chini ya goti la polisi Minneapolis. Mwezi uliofuata kampuni yenye unga ule ilitangaza kuuondoa uso na jina la Jemima, na Februari 2021 ikatangaza kwamba pakiti zitaitwa Pearl Milling Company, jina la kinu cha St. Joseph.

Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na Septemba. Chama cha historia cha Bronzeville, mtaa wa weusi wa Chicago, kilikuwa kimehangaika miaka mingi kumtafuta mtu wa ukoo wa Nancy Green, kwa kuwa bila idhini ya ukoo wake jiwe lisingeruhusiwa. Hatimaye walimpata. Septemba hiyo watu walikusanyika Oak Woods, kwenye nyasi ambazo kwa miaka 97 hazikuwa na alama yoyote, wakasimamisha jiwe lenye jina lake.